Kwa Baba Achieng, Ambaye Hatukumzika

Baba Achieng mpendwa,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia, kisha unamwambia kwamba wewe hujambo. Nimekaa na kalamu tangu nilipomaliza kufua, na yote mawili yamenishinda. Siwezi kukuuliza hali. Na nikisema mimi sijambo nitakuwa nimeianza barua kwa uongo, na uongo ndio ninaotaka kuumaliza leo. Basi nitaanza na mtoto. Achieng ana miaka tisa. Meno yake ya mbele yalitoka, na yaliyoota mahali pake yana mwanya kama wako.

Nakuandikia kwa ajili yake. Kwa mwaka mzima na zaidi Achieng hakuwa nyumbani, ingawa nilimwogesha na kumsuka kila wiki. Alikuwa bado ndani ya ile boti, katikati ya gugumaji, pale ulipomwacha. Nilijaribu kumtoa kwa kila njia niliyoijua. Sikujua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimemzibia njia.

Unaikumbuka asubuhi ile? Ulikuwa umemaliza kuitengeneza redio ya Mama yako, ukaifunga kwenye leso yangu ya zamani. Nilikuambia wewe na Achieng mwende kwa Mama yako kwa barabara. Ukasema barabara inazunguka mpaka Sondu, na kwenu mtu anashuka kwenye boti akiwa tayari anaisikia sauti ya mamake. "Gugu limesogea," ukasema. "Owino na boti yake amepita jana na juzi." Mimi nilikuwa na sare za shule za kushona, sikuweza kuja. Mlangoni ukageuka: "Mama Achieng, tukikawia ujue Mama ametuchinjia kuku." Nami nikajibu bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani, "Mniletee paja."

Hilo ndilo neno la mwisho nililokuambia. Nimelifikiria sana. Watu wengine waliagana na waume zao kwa maneno mazuri.

Yaliyofuata niliyapata kwa abiria wenzenu. Upepo uligeuka, gugu likarudi, likaifunga boti mbele na nyuma. Mizizi ikaishika injini, injini ikanyamaza. Na wewe hukuweza kamwe kukaa karibu na mashine iliyonyamaza bila kuigusa. Ulivua shati, ukajifunga kamba kiunoni, ukachukua kisu cha Owino ukashuka. Mara ya kwanza uliibuka na mizizi kichwani, ukicheka, na wale akina mama wa sokoni wakakucheka. Mara ya pili hukuibuka. Waliivuta kamba, ikaja peke yake.

Walikaa pale mpaka kesho yake, watu wa nchi kavu walipokata njia wakawafikia. Wanaume walikutafuta siku tatu. Walipofungua mahali gugu lilifungika nyuma yao. Nilisimama ufuoni nikiangalia uwanja wa kijani wenye maua ya zambarau, mzuri kama shamba la mtu tajiri, na wewe ulikuwa chini yake, na hapakuwa na njia ya kukufikia.

Sasa nikueleze jinsi tulivyokuzika, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilipo.

Wewe unaijua desturi ya kwenu. Mtu akipotea majini na mwili usipatikane, haachwi hivi hivi bila kaburi. Huchumwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini kama gunzi kubwa, likavikwa nguo yake, likazikwa kama mtu. Mama yako alifanya yote jinsi inavyotakiwa. Tunda lilivikwa shati lako la kijivu, lile lenye alama ya wino mfukoni. Mchungaji aliomba. Watu waliimba. Kisha Mama yako akamshika Achieng mabega, akamsogeza kando ya shimo, akamwambia, "Muage baba yako."

Achieng aliangalia lile tunda. Akanigeukia mimi. Alikuwa na miaka saba, Baba Achieng, na alikuwa ndani ya boti siku ile. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, huyu ni Baba?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Nikaitikia kwa kichwa, nikasema, "Ndiyo. Ni Baba."

Hakuuliza tena. Nilifikiri ameelewa. Nikajisifu moyoni kwamba mtoto wangu ni mtulivu.

Tuliporudi Kisumu ndipo nilipoona kilichorudi nami. Hakutaka mlango ufungwe, hata mvua ikipiga mpaka kitandani. Hakukanyaga majani. Kwenye uwanja wa shule alipita pembeni, kwenye changarawe, akizunguka kote kama mzee anayetafuta kitu kilichoanguka, na wenzake wakamwita Jongoo. Akisikia injini ya lori anajikunja. Na alinishika sketi. Nilishona nikiwa na mkono wake hapo, nikakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Wateja walifanya mzaha. "Mama Achieng, huyo umemshona kwenye sketi?" Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa nimechoka sana, na wakati mwingine nilitamani kumbandua vidole kimoja kimoja niende sokoni Kibuye peke yangu kununua uzi, kama mtu. Halafu naona aibu. Sikuweza kutoka, yeye hakuweza kuniachia, na nyumba yetu ya chumba kimoja unaijua ukubwa wake.

Jambo jingine lilinishangaza. Aliacha kula mandazi. Yule mtoto uliyemwita Bi Mandazi! Nilimpa asubuhi moja, la moto, akaliangalia kama nimempa jiwe, akatapika. Nilidhani ni tumbo.

Mama yako alipokuja kututembelea na kuona hayo, alikuwa na jibu lake. "Mtoto ameangaliwa akiwa anakula," akasema. "Ni sihoho hiyo." Alimaanisha jicho baya, la mtu anayemtazama mtoto akila mpaka chakula kinamgeukia tumboni. Akamtafuta mama mmoja anayejua kulitoa. Yule mama alimsugua Achieng tumbo kwa dawa, akatoa vipande vya vitu akatuonyesha kwenye bakuli. Achieng alilala kimya akiangalia dari. Mandazi hakula.

Aliyenionyesha njia nyingine ni mwalimu wake wa darasa la pili. Alinituma kwenye zahanati moja ya kanisa, ambako kila Jumanne alikuja mama mmoja aliyesomea ng'ambo jinsi ya kuwasaidia watoto waliopatwa na mambo mazito. Anaitwa Madam Nekesa, mtu wa upande wa Bungoma, mnene kidogo, mwenye kicheko cha ghafla. Alinieleza kazi yake kwa maneno haya: mtoto anakumbuka lile jambo kidogo tu, huku macho yake yakifuata vidole vyangu kushoto na kulia, kushoto na kulia, kisha tunapumzika, ananiambia ameona nini, kisha tena.

Nikamuuliza, "Ni hivyo tu? Hakuna sindano?"

"Ni hivyo tu."

"Na kwa nini inasaidia?"

Akacheka. "Mama, hata walionifundisha wanabishana. Mimi nimeona watoto wakilala usingizi, ndiyo maana naendelea."

Mama yako aliposikia alipandisha sauti. "Macho ndiyo yalimharibu, na sasa unampeleka kwa mwenye macho mengine? Tena mgeni? Nyathina, mwanangu, nani amekuloga wewe?" Nilienda hata hivyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkaidi mama yako.

Madam Nekesa hakuanza na vidole. Wiki za kwanza walichora tu, na mlango ukaachwa wazi kwa jiwe. Alimwomba Achieng afikirie mahali pazuri, pa kwenda kichwani akiogopa. Unajua alichagua wapi? Chini ya meza yako ya kutengenezea redio pale Kibuye, penye sanduku la vipuri na mbwa wa jirani. Nilikuwa nimekaa pembeni na nikajifanya ninatafuta kitu kwenye kikapu.

Kisha akamfundisha kupima hofu kwa mikono. Mikono ikikutana, hakuna hofu. Ikifunguka, ipo. "Tukifikiria ile boti, ni kubwa kiasi gani?" Achieng akaitandaza mikono mpaka mabega yakavutika nyuma, akaniangalia mimi kama anayeomba aongezewe mingine.

Siku ya vidole ilipofika, Madam Nekesa alishika penseli aliyoifunga uzi mwekundu, badala ya kunyoosha vidole. "Kichwa kitulie, macho yatembee." Uzi ukaenda kushoto, ukaenda kulia. Nilimwona mtoto wangu macho yake yakienda na kurudi, makubwa, mazito. Baada ya muda penseli ikasimama. "Pumua. Umeona nini?"

"Majani."

"Sawa. Endelea na hayo." Tena kushoto, tena kulia. "Umeona nini?"

"Mama mmoja ana kikapu."

"Endelea."

Mara ya tatu Achieng alianza kupumua haraka. Akasema, "Baba yuko chini. Amenaswa. Hakuna mtu anamtoa."

Nilikuwa nimeagizwa nikae kimya. Madam Nekesa aliniambia waziwazi, hata ukiumia usimsaidie. Lakini mimi ni mama. Niliinuka nikamkumbatia, nikasema, "Hapana, mwanangu, Baba hajanaswa. Tulimzika nyumbani kwa nyanya yako, kwa Dani. Anapumzika. Uliona mwenyewe."

Uso wake ulifungika. Sijui nikueleze vipi. Akaniambia, kwa adabu, "Ndiyo, Mama." Akaacha kuufuata ule uzi. Kwa wiki nne zilizofuata alichora nyumba, nyumba, nyumba tupu, zote hazina mlango.

Madam Nekesa hakunigombeza. Alimpa Achieng rangi, akanitoa nje kwenye benchi. Mkononi alikuwa na mchoro mmoja wa zamani: shimo, na ndani ya shimo kitu kirefu chenye vifungo.

"Nieleze hiki. Nilifikiri ni ndizi iliyovaa shati."

Nikamweleza habari ya yago. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

"Na mtoto aliambiwa nini?"

"Aliambiwa ni babake."

"Na wewe unaamini ni babake?"

"Ni desturi yetu, Madam."

"Sijaitukana desturi. Mnafanya vizuri kumpa mtu kaburi. Nimeuliza wewe unaamini nini."

Nilisema nimeacha maharagwe jikoni, na haikuwa kweli.

Ilichukua muda mpaka Achieng akarudi kwenye uzi, na safari hii mimi nilikaa nje. Nilimsikia tu kupitia mlango ulio wazi. Walirudi kwenye majani, kwenye yule mama mwenye kikapu, kwenye kikapu chenyewe. Kisha nikasikia sauti yake, nyembamba, kama anayesoma mbele ya darasa.

"Baba alinipa kamba. Aliniambia, Achieng, shika hii, usiiachie, wewe ndiye unanishikilia. Nikashika. Halafu yule mama akanipa mandazi. Nilikuwa na njaa. Lilikuwa kubwa, nikalishika kwa mikono miwili."

Kisha akasema, "Niliachia kamba."

Baba Achieng, nilikaa kwenye lile benchi nikaziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Mwaka mzima nilikuwa nikimpikia, nikimsugulisha dawa tumboni, nikimwombea, na mtoto alikuwa amekaa na hilo. Aliamini amekuua kwa ajili ya andazi. Na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemuuliza, kwa sababu sote tulikuwa tumekubaliana kwamba habari ya ziwani imekwisha.

Madam Nekesa alinijia akaniuliza, "Unajua ukweli wa hiyo kamba?" Nikasema sijui. "Basi utafute. Siwezi kumwambia si kosa lake ikiwa sijui. Mtoto atajua ninambembeleza."

Nilimtafuta Owino. Alikuwa ananikwepa tangu siku ile. Akiniona sokoni anaingia kati ya mabanda. Nilimkuta ufuoni, boti yake imelala ubavu juu ya nyasi, maana gugu lilikuwa limewanyima wote kazi. Alikuwa anashona wavu wa mtu mwingine. Aliponiona alisimama, akatazama nyuma kama kuna pa kukimbilia. Nyuma yake kulikuwa na gugu tu.

"Mama, mimi najua umekuja kunilaumu."

"Sikuja kukulaumu, Owino. Nimekuja kuuliza habari ya kamba. Nani aliishika?"

"Kamba nilifunga mimi. Hapa." Akaniongoza mpaka kwenye boti, akanionyesha ubao wa katikati, umelika kwa msuguano. "Nilifunga fundo mbili. Hiyo haingeachia hata ungevuta na ng'ombe."

"Achieng anasema aliishika yeye."

"Achieng?" Akanishangaa. "Mtoto alishika mkia, Mama. Kile kipande kimebaki baada ya fundo. Alikuwa analia babake asiende, sasa Baba Achieng akamwekea mkononi akamwambia wewe ndiye nahodha. Halafu akanikonyezea jicho mimi." Akaupapasa ule ubao. "Kamba haikuachiwa huku. Ilimtoka yeye kiunoni kule chini, mizizi ilimvua. Mimi ndiye nilivuta. Nilivuta nikaona mzunguko wa kiuno umekuja bila mtu." Akaketi chini kwenye mchanga, mtu mzima, akaanza kulia. "Mwaka mzima mtoto anafikiri hivyo? Si mngekuja kuniuliza?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njiani nikakumbuka nilichopaswa kukumbuka siku ya kwanza. Dukani kwako ulikuwa na tabia ile ile. Achieng akikusumbua ukiwa na kazi ya hatari, ulimpa kipande cha waya: "Shika hapa, ukiachia redio itanyamaza." Naye alikaa hata saa nzima, amenyoosha mkono, hapumui vizuri kwa umuhimu. Waya ule haukuunganishwa na kitu chochote. Niliwahi kukuambia unamdanganya mtoto. Ukasema, "Simdanganyi, nampa kazi." Ulimpa kazi mara ya mwisho ili asiogope, mpenzi wangu, na hukurudi kumwambia kwamba kazi imekwisha.

Jumanne iliyofuata nilimwomba Owino aje zahanati. Alikuja amevaa shati la kanisani. Alikuwa na kipande cha kamba na ubao, akaonyesha yote mbele ya Achieng: fundo hili hapa, mkia huu hapa, wewe ulikuwa hapa. "Vuta," akamwambia. Achieng akavuta mkia. Fundo halikutikisika. "Achia." Akaachia. Fundo halikutikisika. Alirudia mara nyingi sana, na sisi watu wazima watatu tulisimama tukimwangalia akivuta na kuachia, hakuna aliyethubutu kusema inatosha. Mwishowe akamuuliza Owino, "Na wewe ulipewa mandazi?" Owino akasema, "Mimi nilinyimwa." Achieng akacheka. Kidogo, kupitia puani. Nilikuwa nimeisahau sauti hiyo.

Kisha uzi ukaenda tena kushoto na kulia, kwa wiki kadhaa, na mikono ikaanza kukaribiana. Alianza kulala mlango ukiwa umeegeshwa. Akavuka uwanja wa shule kwa kukimbia, macho amefumba, na siku iliyofuata kwa kutembea. Mwalimu alinilalamikia kwamba anawakalisha wenzake nyuma ya darasa na kuwapitishia penseli machoni, akiwauliza, "Pumua, umeona nini?" Mmoja alijibu ameona ugali.

Lakini mikono haikukutana. Ilibaki na nafasi, kama ya kupitisha kikombe. Kila wiki nafasi hiyo hiyo. Madam Nekesa akamuuliza, "Hapo katikati pana nini?" Achieng akanitazama, akatazama chini, akasema hakuna kitu.

Madam Nekesa aliniita kando. "Hicho kilichobaki anakulinda nacho wewe," akasema. "Vidole vyangu havikifikii."

Nilijua anachosema. Nilikuwa nimekijua tangu siku ya benchi. Lakini ningesemaje? Nikimwambia mtoto kwamba kaburini hayumo mtu, nitakuwa nimemvunjia mama yako heshima na kaburi la mwanawe. Nisipomwambia, mtoto atabaki palepale. Nilizunguka na jambo hilo muhula mzima. Nilikuwa nikishona huku nimekaza taya mpaka likaniuma sikio.

Likizo hii tulikuja kwa Mama yako. Gugu bado limefunga upande ule, kwa hiyo tulikuja kwa basi, tukazunguka. Juzi asubuhi nilimkuta anachambua maharagwe nje ya jiko. Nilipiga magoti karibu naye kama ninayesaidia.

"Mama, nataka kumwambia Achieng ukweli wa kaburi."

Hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea na maharagwe. Nilifikiri atanifukuza.

"Mimi ndiye nililichagua lile tunda," akasema. "Walitaka kuchuma la karibu. Nikakataa. Nililipima kwa mkono wangu mpaka nikapata refu, maana yeye alikuwa mrefu. Sasa wewe unafikiri mimi nilidhani namvalisha mwanangu?" Akatupa punje mbovu kando. "Nilijua natenda nini. Mtu lazima awe na mahali, hata pa kupalilia. Lakini mtoto hatukumwambia hivyo. Tulimwambia ni yeye." Akafuta pua kwa upande wa mkono. "Mwambie. Kaburi litabaki. Na umwambie mimi pia nilijua."

Achieng alikuwa karibu na kaburi lako, anang'oa majani pembeni, kazi aliyopewa na nyanya yake. Nilikaa chini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, mazuri, na yote yakaniponyoka.

"Achieng, Baba hayumo humu. Humu tulizika tunda. Nilikuambia ni Baba, nikakudanganya. Baba yuko ziwani. Hatukuweza kumtoa."

Aliendelea kung'oa majani mawili, matatu. Kisha akaniwekea mkono wenye udongo begani, kama anavyofanya mtu mzima kwa mtoto.

"Najua, Mama," akasema. "Mimi nilidhani wewe ndiye hujui. Ulikuwa unalilia tunda, nikaogopa kukuambia."

Baba Achieng, mtoto alinihurumia. Muda wote ule. Aliona mamake ameamini jambo la kipuuzi, akaamua kunyamaza ili nisiumie mara ya pili, na akabaki kule chini peke yake na wewe, akikulinda usiwe peke yako na akinilinda mimi nisijue. Na mimi nilikuwa upande wangu nikimlinda yeye. Mama yako upande wake. Tulifungiana watatu, kila mmoja kwa upendo.

Akaniuliza, "Huko anaumia?"

Nikasema, "Hapana. Haumii tena. Hilo najua."

"Na gugu likiondoka, atatoka?"

"Sijui, mwanangu."

Alilifikiria. "Sawa," akasema. "Hata mimi sijui." Akaenda kunawa mikono, maana Dani alikuwa amemwita uji.

Sitakudanganya wewe pia. Sijapona. Mtoto ametoka na mimi nimebaki ndani, na mambo mengine ninayaona sasa tu, baada ya yeye kupita. Sijaweza kusogea karibu na maji. Jana nilijaribu, nikafika kwenye mti wa mwisho nikarudi. Madam Nekesa ameniambia nije nami, si kwa ajili ya Achieng, na nimekubali, ingawa nitamwomba aache mzaha wake wa penseli kwa mtu wa miaka thelathini na nne.

Lakini jambo moja naliweza leo. Nilikuaga mara moja tu, mbele ya watu, na siku ile nilikuwa naliaga tunda lililovaa shati lako. Wewe sikukuaga. Nilikuacha na neno la paja la kuku. Kwa hiyo nimesimama ninapoweza kusimama, kwenye uwanja wa mama yako, nikageukia upande wa ziwa badala ya upande wa kaburi, nami nakuambia hivi: Achieng hakuachia kamba, nami sitakuja kukutoa, kwa sababu siwezi. Kwaheri, mume wangu, huko uliko kweli.

Ni mimi mkeo,
Mama Achieng